Kurithi, Nasaba na Jeni: Lugha ya Urithi wa Kibaiolojia katika Jamii za Ukoo wa Mama za Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza urithi wa sifa za binadamu kupitia jeni, na matatizo yanayozuka pale maelezo hayo yanapofika katika jamii ambazo kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mfano unaotumika ni eneo la Lupaso na majirani zake wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Inadaiwa kuwa maneno yanayobeba dhana ya urithi katika Kiswahili, yaani kurithi, damu, tabia na nasaba, yalikwisha kuwa na kazi nyingine katika jamii kabla ya kupewa kazi ya kisayansi, na kwamba kazi hizo za awali huathiri uelewa wa msomaji na msikilizaji. Mifano ya selimundu, ualbino na sifa zinazopitia kromosomu X inatumika kuonyesha kuwa kosa la istilahi linaweza kugeuka kuwa lawama juu ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mama.

1.0 Utangulizi

Lupaso ni kijiji kilichoko katika wilaya ya Masasi, upande wa magharibi wa Uwanda wa Juu wa Makonde. Nje ya mkoa wa Mtwara kijiji hicho hujulikana zaidi kwa kuwa ndiko alikozaliwa Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu wa Tanzania, mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Kwa wachunguzi wa lugha na jamii, hata hivyo, eneo hilo lina umuhimu wa namna nyingine. Masasi na Newala ni makutano ya Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, na jamii hizo zote nne, licha ya tofauti za lugha na mila, zimekuwa kwa jadi ni jamii za ukoo wa mama. J. A. R. Wembah-Rashid, katika kazi yake ya mwaka 1975 kuhusu historia ya watu wa kusini-mashariki mwa Tanzania, aliifanya sifa hiyo kuwa ndiyo kiungo cha kuwaeleza kwa pamoja.

Katika mazingira hayo Kiswahili ndiyo lugha inayotumika shule ya msingi, zahanati, mahakama na redio. Hivyo mzazi wa Lupaso anayeelezwa kuwa mtoto wake ana ugonjwa wa kurithi huelezwa kwa Kiswahili. Lakini elimu ya jenetiki yenyewe hufundishwa shule ya sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Matokeo yake ni kuwa kijana aliyefaulu mtihani wa baiolojia huweza kuchora mraba wa kukokotoa uwezekano wa uzazi, lakini akashindwa kumweleza mama yake mzazi kile alichokichora. Pengo hilo ndilo kiini cha makala haya.

Swali linaloulizwa ni hili: mtu anaposikia kwa Kiswahili kwamba sifa fulani "imerithiwa", anaelewa nini, na uelewa huo unalingana kwa kiasi gani na yale yanayojulikana katika sayansi? Ili kulijibu, kwanza itaelezwa dhana ya kurithi katika mfumo wa ukoo wa mama. Kisha misingi ya urithi wa jeni. Halafu mifano mitatu. Na mwisho istilahi zenyewe zitahakikiwa.

2.0 Kurithi katika mfumo wa ukoo wa mama

Kitenzi rithi ni cha asili ya Kiarabu, na pamoja na mirathi na urithi kiliingia katika Kiswahili kikiwa kimefungamana na sheria ya mgawanyo wa mali ya marehemu. Katika matumizi ya leo kitenzi hiki kina uwanja mpana: mtu hurithi shamba, hurithi cheo, hurithi jina, hurithi mjane, hurithi ugomvi na hurithi sura. Matumizi haya yote yanashirikiana katika jambo moja: kuna anayetoa na kuna anayepokea, na jamii ndiyo inayoamua nani ana haki ya kupokea.

Katika jamii za Masasi na Newala uamuzi huo, kwa kanuni ya jadi, hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Wamakonde huuita ukoo huo litawa, Wamakua huuita nihimo, na kwa Wayao hutumika neno lukosyo. Mwenye mamlaka juu ya watoto ni mjomba, yaani kaka wa mama, wala si baba peke yake. Mrithi wa cheo cha mjomba ni mtoto wa dada yake. Ndoa ndani ya ukoo mmoja ni mwiko, kwani wenye ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawawezi kutaja kizazi kinachowaunganisha.

Ni kweli kuwa mfumo huu haukubaki kama ulivyokuwa. Uislamu na Ukristo, kilimo cha korosho, ambacho kilifanya mti uliopandwa na baba kuwa mali ya kudumu, pamoja na sheria za nchi, vyote vimeimarisha nafasi ya baba. Katika familia nyingi leo mifumo miwili au mitatu huishi pamoja: shamba la mikorosho huweza kwenda kwa watoto wa marehemu, ilhali mambo ya ukoo yakabaki kwa wajomba. Lakini jambo moja halikubadilika: katika kila mfumo kurithi ni suala la upande. Mtu hurithi kwa baba au kwa mama, na upande mmoja huwa na uzito kuliko mwingine.

Hapa ndipo mgogoro wa dhana unapoanza. Jeni hazina upande. Kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, bila kujali ni ukoo wa nani unaohesabiwa. Kwa mfumo wa jadi mjomba yuko karibu zaidi na mtoto kuliko baba; kwa hesabu ya jeni baba na mtoto wanashiriki nusu, ilhali mjomba na mpwa wanashiriki robo kwa wastani. Hesabu hizi mbili hazipingani, kwa kuwa hazipimi kitu kimoja. Ukoo hueleza wajibu, haki na jina. Jeni hueleza maumbile ya mwili. Tatizo hutokea pale neno moja, kurithi, linapotumiwa kwa yote mawili bila tahadhari.

3.0 Misingi ya urithi wa jeni

3.1 Uji na punje

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walidhani kuwa sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na uji: yakishachanganyika hayatenganiki tena. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alichapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya njegere ambayo yalionyesha picha tofauti. Sifa hupita zikiwa katika vipande kamili, mithili ya punje za mtama na kunde zilizochanganywa katika ungo mmoja. Mchanganyiko huonekana ni kitu kimoja kwa mbali, lakini kila punje hubaki punje, na mchaguaji huweza kuzitenga tena. Kazi hiyo haikutiliwa maanani hadi mwaka 1900, na neno jeni lenyewe lilitungwa na Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1909.

Mfano wa punje unaeleza jambo ambalo wazee wameliona siku zote: mtoto hufanana na bibi yake kwa sifa ambayo mama mtu hana. Kiswahili husema sifa "imeruka kizazi". Kwa hakika haikuruka. Ilipita kwa mama bila kuonekana, ikiwa imefunikwa na punje mwenzake.

3.2 Jozi na bahati

Jeni ni sehemu ya DNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza kijenzi fulani cha mwili, mara nyingi protini. Umbo la DNA lilielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, zilizopangwa katika kromosomu 46, yaani jozi 23. Idadi hiyo ya 46 ilithibitishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan. Katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Mzazi anapotengeneza mbegu ya uzazi au yai huweka humo kromosomu moja tu ya kila jozi, na ipi iingie ni suala la bahati.

Kutokana na hayo yafaa kusisitizwa mambo manne yanayotofautisha urithi wa jeni na mirathi. Kwanza, mwenye kurithisha mali huipoteza, lakini mwenye kurithisha jeni hapotezi kitu, kwa sababu anachotoa ni nakala. Pili, mali hurithiwa baada ya kifo. Jeni hurithiwa mimba inapotungwa. Tatu, shamba likigawanywa kwa watoto sita kila mmoja hupata kipande kidogo, lakini jeni haigawanyiki: mtoto huipata nzima au haipati kabisa. Nne, mgawanyo wa mali hufanywa na wazee, ambao huweza kupendelea au kunyima. Mgawanyo wa jeni hauna mwamuzi. Jambo hili la nne ndilo lenye uzito wa kimaadili kuliko yote, maana pasipo na mwamuzi hapana wa kulaumiwa.

4.0 Mifano mitatu

4.1 Selimundu

Ugonjwa wa selimundu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu na James Herrick wa Chicago mwaka 1910, ingawa Waafrika waliufahamu kwa dalili zake kabla ya hapo. Mwaka 1949 James Neel, nchini Marekani, na E. A. Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba mgonjwa ni yule aliyepokea jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mtu mwingine. Vernon Ingram, kati ya mwaka 1956 na 1957, aligundua kuwa tofauti yote hiyo inatokana na badiliko moja tu katika mnyororo wa beta: asidi ya glutamiki katika nafasi ya sita imechukuliwa na valini.

Afrika ya Mashariki ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifanya uchunguzi nchini humo mwaka 1949 na kubaini kuwa watu wenye jeni moja ya selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sehemu za miinuko. Mwaka 1954 alichapisha hoja kwamba jeni hiyo, ikiwa moja, humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Hoja hiyo imethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo. Hivyo jeni ambayo ikiwa mbili huleta ugonjwa, ikiwa moja huokoa maisha katika maeneo ya malaria, na Mtwara ni miongoni mwa maeneo hayo.

Ikiwa baba na mama wote wana jeni moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa, nusu wa kuleta mtoto mwenye jeni moja kama wazazi wake, na robo wa kuleta mtoto asiye nayo. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kudhani kuwa robo hiyo ni mgao: kwamba mtoto mmoja akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Jeni haikumbuki. Kila mimba huanza upya. Wazazi wa namna hiyo wakiwa na watoto wanne, uwezekano wa kutopata mgonjwa hata mmoja ni 81 katika 256, yaani karibu theluthi. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wanne wazima haithibitishi kuwa wazazi hawana jeni, na nyumba yenye wagonjwa wawili haithibitishi kuwa imerogwa.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Kwa idadi kama hiyo, swali la "ugonjwa umetoka upande gani" litaendelea kuulizwa vijijini. Jibu la kisayansi ni moja: pande zote mbili, kwa kiasi kilekile.

4.2 Ualbino

Ualbino hufuata kanuni hiyohiyo. Aina iliyoenea zaidi Tanzania hutokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko katika kromosomu ya 15. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake, akiwamo Joseph Luande wa Tanzania, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa wagonjwa wengi wa Tanzania waliopimwa walikuwa na upungufu uleule wa kipande cha jeni hiyo. Upungufu huo umepatikana pia sehemu nyingine za Afrika zinazokaliwa na wasemaji wa lugha za Kibantu, jambo linaloashiria kuwa ni wa kale na umesafiri na watu.

Kiwango kinachotajwa kwa kawaida kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Kwa kukokotoa kutokana na kiwango hicho, karibu mtu mmoja katika kila 19 hubeba jeni moja ya ualbino bila dalili yoyote. Katika mkutano wa kijiji wenye watu 200, hao ni kama kumi, na hakuna ajuaye ni nani.

Hesabu hii inabatilisha madai mawili. La kwanza ni lile la baba anayemkana mtoto mwenye ualbino kwa kudai kuwa mkewe alitoka nje ya ndoa. Mtoto huyo hakuweza kuzaliwa bila jeni ya baba pia. Rangi yake, badala ya kuwa ushahidi dhidi ya mama, inaonyesha tu kuwa baba wa mtoto, awaye yeyote, alikuwa mbebaji, na wabebaji wamo katika kila kijiji. Dai la pili ni kuwa hali hiyo ni doa la ukoo fulani. Katika mfumo wa litawa mtoto huhesabiwa kwa mama, hivyo ni rahisi doa hilo nalo likahesabiwa kwa mama na mzigo wa malezi ukabaki kwake na kwa mjomba. Jeni haimfuati mama kwa sababu tu ukoo unamfuata.

Kanuni ya kutooa ndani ya ukoo yafaa kutazamwa hapa. Kanuni hiyo huwakataza watoto wa dada wawili kuoana, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja. Lakini mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni wa koo mbili, na katika jamii kadhaa za ukoo wa mama, Wayao wakiwamo, ndoa ya mabinamu wa aina hiyo ilipendelewa. Kwa hesabu ya jeni aina zote mbili za mabinamu zina ukaribu uleule, yaani thumni moja. Kwa kiwango cha 1,400 kilichotajwa, uwezekano wa mabinamu wa kwanza kupata mtoto mwenye ualbino ni takriban mara tatu ya ule wa wanandoa wasio na undugu, ingawa bado ni mdogo, kama mmoja katika 430. Mwiko wa ukoo una hekima yake katika kulinda amani na heshima ya undugu, lakini haukuwekwa kupima jeni na hauwezi kufanya kazi hiyo.

Uzito wa jambo hili hauhitaji kuelezwa kwa urefu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 Tanzania imeshuhudia mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kuwa si binadamu wa kawaida. Kusini kulitoa jibu la aina nyingine: mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao.

4.3 Sifa zinazofuata upande mmoja

Kanuni ya nusu kwa nusu ina mipaka, na mipaka hiyo ina mvuto wa pekee kwa jamii za ukoo wa mama. Mwanamke ana kromosomu X mbili; mwanamume ana X moja na Y moja. Mtoto wa kiume hupokea Y kwa baba na X kwa mama. Kwa hiyo sifa iliyoko katika kromosomu X, ikiwa ni ya kujificha, hupita kwa wanawake bila kuonekana na kujitokeza kwa wanaume: kwa mjomba, kisha kwa mpwa wake, kupitia kwa dada ambaye mwenyewe ni mzima. Hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, hufuata njia hiyo; vivyo hivyo upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao unahusishwa na kinga dhidi ya malaria na ambao huwafanya baadhi ya watu kudhurika na dawa kama primakwini.

Katika eneo ambalo jando ni taasisi kuu ya malezi, swali "je, mjomba wake alitokwa na damu nyingi?" lina manufaa ya kitabibu ya moja kwa moja. Wanazuoni wa Kiyahudi wa kale walilijua hilo bila kujua kromosomu: Talmudi huzungumzia kumsamehe tohara mtoto ambaye watoto wa dada za mama yake walikufa kwa tohara.

Aidha, kuna sehemu ndogo ya DNA iliyoko nje ya kiini cha seli, katika mitokondria, ambayo hurithiwa kwa mama peke yake. Wenye litawa moja, ikiwa kweli wametokana na bibi mmoja kwa njia ya wanawake, wanashiriki DNA hiyo. Lakini ina jeni 37 tu. Mtu akirudi nyuma vizazi saba ana nafasi za wahenga 128 katika kizazi hicho, na bibi anayemtambulisha katika ukoo ni mmoja kati yao. Wale 127 nao walichangia au waliweza kuchangia mwili wake, ingawa hawatajwi.

Jambo la mwisho linahusu jinsia. Kwa kuwa mama hutoa X daima, X au Y ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Ukoo wa mama hauendelei bila mabinti. Hivyo litawa, linalohesabiwa kwa wanawake pekee, hutegemea kila kizazi kromosomu X ya mwanamume wa ukoo mwingine, na mama aliyezaa wavulana watupu hana kosa lolote mbele ya ukoo wake.

5.0 Uhakiki wa istilahi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu hapo istilahi za fani hii zimeendelea kukua, baadhi kwa kazi ya wanaleksikografia na baadhi kwa kazi ya waandishi wa habari na watumiaji wa kawaida. Istilahi tano zinastahili kutazamwa.

(a) Tabia. Neno hili hutumika mara nyingi kwa maana ya sifa yoyote ya kiumbe. Lakini katika lugha ya kila siku tabia ni mwenendo. Msomaji anayesoma kuwa "tabia hurithiwa" huweza kuhitimisha kuwa wizi na uvivu ni mambo ya jeni, na methali "mtoto wa nyoka ni nyoka" ikapata muhuri wa sayansi. Methali nyingine, "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", hushika upande wa pili. Urefu wa mtu, kwa mfano, hutegemea jeni nyingi pamoja na lishe. Istilahi sifa ya kurithi inafaa zaidi, na tabia iachiwe mwenendo.

(b) Tawala. Jeni tawala ni ile inayoonekana hata ikiwa moja katika jozi. Hata hivyo, kutawala kunaashiria nguvu, na msikilizaji hudhani kuwa mzazi mwenye nguvu ndiye aliyeshinda. Maelezo "inayojitokeza" na "inayojificha" hayana dosari hiyo.

(c) Mbebaji. Istilahi hii ina hatari ya kumchanganya mwenye jeni moja na mtu anayeambukiza. "Mwenye jeni moja" ni ndefu kidogo, lakini haimtii mtu hofu wala haya.

(d) Damu. Semi kama "damu nzito kuliko maji" zimeifanya damu kuwa mfano wa undugu. Katika selimundu mfano huo hugongana na uhalisia, kwa kuwa ugonjwa unaonekana katika damu yenyewe. Mgonjwa huweza kudhani kuwa damu ya kuongezewa itambadilishia urithi. Haiwezi, kwani jeni zimo katika seli zote za mwili zenye kiini. Kwa upande mwingine, istilahi selimundu ni ya kupigiwa mfano: mundu ni chombo kinachojulikana kwa mkulima, na jina lenyewe linachora umbo la seli.

(e) Vinasaba. Neno hili limeshinda katika matumizi ya umma na limeingia hata katika sheria: Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009. Mzizi wake ni nasaba, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu na katika sheria ya Kiislamu hufungamana na ukoo wa baba. Aidha, umma hulisikia neno hili hasa katika mashauri ya kuthibitisha nani ni baba wa mtoto. Hivyo katika uwanda ambao nasaba huhesabiwa kwa mama, istilahi ya kisayansi imebeba ndani yake hesabu ya baba. Hakuna haja ya kuikataa, kwani imekwisha kukubalika na ina utamu wa kuundwa kwa mofolojia ya Kiswahili. Inachohitaji ni kufafanuliwa kila inapotumiwa katika mafundisho: vinasaba si vya baba wala si vya mama, ni vya wote wawili, na neno jeni litumike pale inapokusudiwa sehemu moja mahsusi.

Kuhusu ualbino, mabadiliko yaliyokwisha kutokea yanatia moyo. Neno zeruzeru, ambalo humwita mtu kwa hali yake na sasa huonekana la kudhalilisha, limekuwa likipisha usemi mtu mwenye ualbino. Badiliko hili la kisarufi, kutoka nomino inayomeza mtu mzima hadi kirai kinachomtaja mtu kwanza, ni ushahidi kuwa istilahi huweza kurekebishwa na jamii ikazifuata.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa ukoo wa mama na elimu ya jeni si wapinzani. Litawa na nihimo hujibu swali la nani ni wetu na nani ana wajibu kwa nani. Jeni hujibu swali la mwili umejengwaje. Mgogoro huzaliwa katika lugha, pale kurithi kunapofasiriwa kwa kanuni za mirathi, kwamba lazima kuwe na upande, mgao na mwenye kuamua.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, maelezo ya ugonjwa wa kurithi yatolewe kwa wazazi wote wawili, na katika jamii zinazohusika mjomba aalikwe, kwa kuwa ndiye atakayeyafikisha kwa ukoo. Pili, watunzi wa kamusi na vitabu vya mafunzo watenge sifa na tabia, na waeleze vinasaba bila kuuachia mzizi wa neno ufanye kazi hiyo. Tatu, wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili wafanye uchunguzi wa maneno ya urithi katika Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera, lugha ambazo zimekuwa zikizungumzia mama, mjomba na mtoto kwa karne nyingi na ambazo huenda zina dhana zitakazofaa pale Kiswahili kinapopungukiwa. Mama wa Lupaso anayempeleka mtoto wake zahanati ana haki ya kurudi nyumbani na sentensi moja iliyo sahihi, na awe na uwezo wa kuisema mbele ya mume wake na kaka yake: kwamba jambo hili limetoka kwetu sote wawili, na halikuchaguliwa na yeyote.